Kenya: Hesabu ya Vijana Wanaotumia Vileo, na Imani Inayoibeba

Mwezi wa Mei mwaka 2024, katika nchi jirani ya Kenya, ulizuka mvutano mkubwa juu ya jani dogo liitwalo muguka. Jani hilo ni la jamii ya miraa, na hulimwa hasa katika kaunti ya Embu, ambako wakulima wengi hulitegemea kwa chakula cha nyumbani na karo za watoto wao. Serikali ya kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa muguka katika eneo lake, na kaunti za Kilifi na Taita Taveta zikafuata mkondo huo huo. Viongozi wa Pwani walieleza kwamba jani hilo linawaangamiza vijana wao. Viongozi wa Embu walijibu kwamba muguka ni zao halali linalotambuliwa na kanuni za kilimo za mwaka 2023, na kwamba kaunti haina mamlaka ya kulikataza. Rais William Ruto aliunga mkono hoja hiyo ya pili, na Mahakama Kuu ya Embu ikazisimamisha amri za Pwani.

Katika mvutano huo wote, kila upande ulizungumza kwa uchungu, na kila upande ulikuwa na watu wa kuwatetea. Lakini chini ya maneno yote kulikuwa na maswali ambayo hayawezi kujibiwa kwa hotuba wala kwa amri ya mahakama. Je, ni vijana wangapi wa Pwani wanaotafuna jani hilo? Huanza wakiwa na umri gani? Hutafuna mara ngapi kwa juma, na pamoja na vileo gani vingine? Je, kijana anayeacha shule huacha kwa sababu ya muguka, au huanza kutafuna muguka kwa sababu amekwisha kuacha shule na hana kazi ya kufanya? Maswali ya namna hiyo hujibiwa kwa utafiti wa takwimu. Na kwa kuwa tarakimu za utafiti huo hutangazwa kila mara redioni na magazetini, na kwa kuwa sheria hutungwa na fedha za umma hutolewa kwa kuzitegemea, hapana budi wananchi waelewe jinsi zinavyopatikana, na wapi zinapoweza kupotosha.

Kenya ni mojawapo ya nchi za eneo hili zilizofanya kazi hiyo kwa muda mrefu. Mamlaka ya Taifa ya Kampeni dhidi ya Matumizi Mabaya ya Pombe na Dawa za Kulevya, ijulikanayo kwa kifupi kama NACADA, imekuwa ikitoa taarifa za utafiti wa nchi nzima kila baada ya miaka kadhaa. Taarifa ya mwaka 2022 ilieleza kwamba miongoni mwa Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 65, mtu mmoja katika kila sita alikuwa akitumia angalau kileo kimoja kwa wakati ule. Mmoja katika kila wanane alikuwa akinywa pombe, na mmoja katika kila 53 alikuwa akivuta bangi. Taarifa hiyo ilionyesha pia kwamba wako watoto wanaoonja tumbaku wakiwa na umri wa miaka sita tu, na pombe wakiwa na miaka saba.

Taarifa hiyo hiyo ilitaja kwamba idadi ya watumiaji wa kileo chochote ni watu 4,733,152. Mtu anayeisikia tarakimu hiyo redioni anaweza kudhani kwamba maofisa walipita nyumba kwa nyumba wakiwahesabu watu hao mmoja mmoja, hata wakamfikia yule wa mwisho. Sivyo ilivyo. Waliohojiwa ni sehemu ndogo ya wananchi, iliyochaguliwa kwa utaratibu maalumu, na jibu lao likakadiriwa kwa nchi nzima. Kwa hiyo tarakimu saba zilizopangwa vizuri haziongezi uhakika wowote juu ya maneno mepesi kwamba ni watu karibu milioni nne na robo tatu. Hilo ni jambo la kwanza la kuzingatia. Hesabu ya utafiti ni kadirio, na kila kadirio lina upana wake wa makosa.

Je, yawezekanaje watu wachache waseme kwa niaba ya mamilioni? Mpishi hahitaji kunywa sufuria nzima ya mchuzi ili ajue kama chumvi imekolea. Kijiko kimoja kinatosha, mradi mchuzi umekorogwa vizuri kabla ya kuonjwa. Katika utafiti, kukoroga ni kuchagua watu kwa bahati nasibu, yaani kila mmoja apate nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, bila ya mtafiti kumpendelea yeyote. Mtafiti akiwahoji vijana anaowakuta karibu na baa, atapata taifa la walevi. Akiwahoji vijana wa kwaya ya kanisa au wanafunzi wa madrasa, atapata taifa la watawa. Majibu yote mawili yatakuwa ya uongo kuhusu nchi, ingawa kila kijana aliyehojiwa alisema kweli.

Kwa watoto wa shule, utaratibu unaotumika sana ni wa hatua mbili. Kwanza huchaguliwa shule, na shule kubwa hupewa nafasi kubwa zaidi kulingana na idadi ya wanafunzi wake. Kisha ndani ya kila shule huchaguliwa madarasa, na wanafunzi wote wa darasa lililochaguliwa hupewa karatasi ya maswali. Hivyo ndivyo ulivyofanywa utafiti wa matumizi ya tumbaku kwa vijana nchini Kenya mwaka 2013, ambao ni sehemu ya mpango wa Shirika la Afya Duniani unaofuatwa katika nchi nyingi. Miongoni mwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15, asilimia 9.9 walikuwa wakitumia tumbaku ya aina fulani. Kwa wavulana ilikuwa asilimia 12.8, na kwa wasichana 6.7. Kwa kuwa utaratibu ni mmoja na maswali ni yale yale kila mahali, takwimu kama hizo zinaweza kulinganishwa kati ya nchi na nchi, na kati ya mwaka na mwaka.

Mwaka 2019 NACADA ilitoa taarifa nyingine, safari hii kuhusu watoto wa shule za msingi. Wanafunzi 3,307 kutoka shule 177 katika kaunti 25 walihojiwa. Asilimia 20.2 kati yao, yaani mtoto mmoja katika kila watano, walisema kwamba wamewahi kutumia angalau kileo kimoja maishani mwao. Habari hiyo iliwashtua wazazi wengi, na si ajabu. Hata hivyo, inafaa ichunguzwe kwa makini, kwa sababu ndani yake mna karibu mafunzo yote ya somo hili.

Fundisho la kwanza liko katika neno "wamewahi". Mtoto aliyeonja pombe ya harusini mara moja na kuitema anahesabiwa pamoja na mtoto anayelewa kila Jumamosi. Kwa sababu hiyo watafiti hutenganisha maswali matatu. Je, umewahi kutumia maishani? Je, umetumia katika siku 30 zilizopita? Na je, matumizi hayo yamekushinda, hata huwezi kuyaacha ingawa yanakuumiza? Tarakimu ya swali la kwanza daima huwa kubwa kuliko ya pili, na ya pili ni kubwa kuliko ya tatu. Anayetaka kuwatisha wananchi huitumia ya kwanza, na anayetaka kuwatuliza huitumia ya tatu. Mwananchi mwenye busara huuliza ni ipi kati ya hizo inayozungumzwa.

Fundisho la pili liko katika maana ya "kileo". Katika utafiti huo wa shule za msingi, miongoni mwa vitu vilivyohesabiwa ni dawa za hospitali zinazotumiwa bila kuandikiwa na daktari. Mtoto anayekunywa vidonge ili alewe ana tatizo moja. Mtoto anayekunywa vidonge vya maumivu vilivyobaki kabatini kwa sababu zahanati iko mbali ana tatizo lingine kabisa. Swali lisipoundwa kwa uangalifu, watoto hao wawili huingia katika kapu moja, na serikali hupeleka mahubiri mahali palipohitaji zahanati.

Fundisho la tatu ni la hesabu yenyewe. Kama wanafunzi 3,307 wangechaguliwa mmoja mmoja kwa bahati nasibu kutoka nchi nzima, basi asilimia 20.2 ingekuwa na kosa la kukadiria la takriban asilimia 1.4 juu au chini. Lakini watoto hawakuchaguliwa hivyo. Walichaguliwa kwa makundi, shule kwa shule. Watoto wa shule moja hufanana, kwa kuwa wanapita mbele ya duka lile lile, wanaishi jirani na mgema yule yule, na wanaigana wao kwa wao. Kumhoji mtoto wa ishirini katika darasa moja hakuleti habari mpya kama ile iliyoletwa na mtoto wa kwanza. Kwa hiyo wanatakwimu huupanua upana wa makosa, pengine mara moja na nusu, pengine mara mbili. Taarifa isiyoeleza upana huo haijamaliza kusema.

Upana wa makosa huwa na uzito zaidi pale kiwango chenyewe kinapokuwa kidogo. Asilimia moja ya wanafunzi 3,307 ni watoto 33 tu. Wavulana 33 waliotaka kuwachekesha wenzao wanaweza kujaza kwenye karatasi kwamba wamevuta heroini, na nchi nzima ikaamka asubuhi na habari ya heroini katika shule za msingi. Watafiti wa Ulaya, ambao tangu mwaka 1995 wamekuwa wakiwahoji wanafunzi wa nchi nyingi za bara hilo, walibuni mtego wa kuwanasa wacheshi hao. Kati ya majina ya dawa za kulevya waliingiza jina la dawa isiyokuwapo duniani, waliloliita Relevin. Mwanafunzi anayedai kwamba ameitumia amejitangaza mwenyewe kuwa majibu yake yana walakini. Na pale ambapo wanaodai kutumia dawa ya kubuni wanakaribia kuwa wengi kama wanaodai kutumia dawa fulani ya kweli, mtafiti hujua kwamba tarakimu hiyo haiwezi kuaminiwa.

Lakini kujigamba ndiyo hatari ndogo. Hatari kubwa zaidi ni kuficha. Mtoto anayeulizwa kama anavuta bangi hufikiri kwanza juu ya nani atakayeisoma karatasi hiyo. Je, ni mwalimu mkuu, anayeweza kumfukuza shule? Je, ni baba yake? Je, ni polisi? Kama mtoto ana shaka hata kidogo, ataandika "hapana", na hakuna fomula ya hisabati inayoweza kuligeuza jibu hilo kuwa kweli. Ndiyo sababu katika utafiti uliopangwa vizuri karatasi hazina majina, walimu hutoka darasani, madawati huachanishwa, na kila mwanafunzi huitia karatasi yake katika bahasha na kuifunga mwenyewe. Mambo hayo yanaweza kuonekana madogo, lakini utafiti wote unasimama juu yake.

Mwaka 1965 mtaalamu mmoja wa Marekani, Stanley Warner, alitoa wazo la kumlinda mhojiwa hata mbele ya mtafiti mwenyewe. Kutokana na wazo hilo zimezaliwa njia kadhaa, na mojawapo ni rahisi kuelezwa. Kila kijana hupewa sarafu, akairusha peke yake mahali pasipoonekana na mtu. Ikiangukia upande wa kichwa, anaambiwa ajibu "ndiyo", awe ametumia au hajatumia. Ikiangukia upande wa pili, anaambiwa ajibu kweli. Basi hakuna awezaye kumnyoshea kidole kijana aliyesema "ndiyo", kwa maana huenda ni sarafu iliyosema.

Hata hivyo, hesabu inabaki. Tuseme vijana 1,000 wamejibu kwa njia hiyo, na 580 wamesema "ndiyo". Kwa kawaida ya sarafu, kama 500 hivi walilazimika kusema hivyo. Waliobaki 80 wametoka miongoni mwa wale 500 waliojibu kweli. Themanini katika mia tano ni asilimia 16. Mtafiti amelijua kundi bila ya kumjua mtu. Njia hii ina gharama yake, kwani nusu ya majibu haina habari ndani yake, na kwa hiyo inahitaji wahojiwa wengi zaidi ili upana wa makosa usizidi. Lakini inaonyesha jambo la maana, nalo ni kwamba siri ya raia na maarifa ya taifa vinaweza kukaa nyumba moja.

Baada ya tarakimu kupatikana, kuna kazi ya kuzisoma, na hapo pia pana mitego. Taarifa ya NACADA ya mwaka 2022 ilieleza kwamba matumizi ya bangi yaliongezeka kwa asilimia 90 katika miaka mitano. Ni kweli. Taarifa hiyo hiyo ilieleza kwamba kiwango kilitoka asilimia 1.0 ya watu na kufikia asilimia 1.9. Hiyo nayo ni kweli, na ni habari ile ile moja. Usemi wa kwanza unafanya ionekane kana kwamba nchi nzima imefunikwa na moshi, na wa pili unaweza kumfanya mtu adhani kwamba hakuna kilichotokea. Ukweli ni kwamba watu 98 katika kila 100 hawakuwa wakivuta, lakini waliokuwa wakivuta walikuwa wamekaribia kuongezeka maradufu. Kiongozi anayepanga mambo ya vijana anahitaji sentensi zote mbili, na mtangazaji anayesoma moja tu anampunja msikilizaji.

Mtego mwingine ni kuchanganya mambo yanayokwenda pamoja na mambo yanayosababishana. Tafiti nyingi huonyesha kwamba kijana mwenye rafiki wanaovuta naye huelekea kuvuta. Wazazi husema kwamba rafiki walimharibu. Huenda ndivyo. Lakini huenda pia kijana aliyekwisha kuanza aliwatafuta wanaofanana naye, kwa kuwa ndege wa mbawa moja huruka pamoja. Huenda tena wote wanasukumwa na jambo la tatu, kama vile nyumba yenye ugomvi, au mtaa usio na kiwanja cha michezo wala kazi. Wanatakwimu hujaribu kupambanua mambo hayo kwa kuwalinganisha vijana wanaofanana kwa umri, mapato ya wazazi na mahali pa kuishi, ili kuona ni tofauti ipi inayobaki. Lakini utafiti uliofanywa siku moja hauwezi kusema kwa hakika kipi kilitangulia. Kwa hilo, ni lazima vijana wale wale wafuatiliwe mwaka hadi mwaka, na kazi hiyo ni ghali na inahitaji uvumilivu.

Hata hivyo, upungufu mkubwa kuliko wote uko nje ya karatasi za maswali kabisa. Utafiti wa shule huwahesabu walio shuleni. Mtoto aliyefukuzwa kwa sababu ya bangi hayumo. Mtoto anayelala mtaroni, mwenye chupa ya gundi puani, hayumo. Na utafiti wa nyumba kwa nyumba nao haumfikii mtoto asiye na nyumba. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti uliofanywa mjini Eldoret, magharibi mwa Kenya, ambapo watoto na vijana 146 wa mitaani, wenye umri wa miaka 10 hadi 19, walihojiwa. Asilimia 74 walikuwa wamewahi kutumia vileo, na asilimia 62 walikuwa wakitumia wakati ule. Kundi hilo ni dogo, na haliwezi kusema kwa niaba ya Kenya nzima. Lakini ukiiweka asilimia 74 ya watoto wa mitaani kando ya asilimia 20.2 ya wanafunzi wa shule za msingi, ni dhahiri kwamba kipimo cha shule peke yake hupima upande wa jua, na upande wa kivuli ukabaki bila kupimwa.

Kuwafikia waliofichika kunahitaji njia nyingine. Katika miji ya Nairobi na Mombasa, watafiti wa watu wanaojidunga heroini wametumia utaratibu wa kualikana. Watu wachache wanaoaminika hupewa kadi za kuwapa wenzao, na wale waliokuja hupewa kadi nyingine, na mnyororo ukaendelea. Utaratibu huo uliwekewa misingi ya hisabati mwaka 1997 na mtaalamu Douglas Heckathorn, ambaye alionyesha jinsi ya kusahihisha hesabu kwa kuzingatia kwamba mtu mwenye marafiki wengi ana nafasi kubwa zaidi ya kualikwa. Njia nyingine imetokana na wahifadhi wa wanyama. Bwana wanyama huwakamata nyumbu 200, huwatia alama na kuwaachia. Baadaye hukamata 150, na kati yao anakuta 30 wenye alama. Kwa kuwa mmoja katika kila watano ana alama, basi wale 200 ni sehemu ya tano ya kundi zima, na kundi lote ni nyumbu kama 1,000. Kwa watu hapana alama mwilini. Hulinganishwa orodha mbili, kwa mfano ya kliniki na ya kituo cha msaada, na huangaliwa ni wangapi wanaoonekana katika zote mbili.

Makadirio ya namna hiyo yana kazi halisi. Tanzania ilianza kutoa tiba ya methadoni kwa waathirika wa heroini katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi wa Februari mwaka 2011, na Kenya ikaanza huduma hiyo mwishoni mwa mwaka 2014. Wizara ya afya isiyojua waathirika ni wangapi, na wako mtaa gani, haiwezi kujua ijenge kliniki ngapi wala iagize dawa kiasi gani. Ikikadiria pungufu, kijana aliyejikusanya nguvu akaenda kuomba msaada atakuta mlango umefungwa, na huenda asirudi tena.

Suala hili linaihusu Tanzania kwa namna nyingine pia. Mpaka wa Kenya na Tanzania una vituo kama Namanga, Holili, Sirari na Horohoro, na watu wa pande zote mbili ni ndugu, wanaoana na kufanya biashara pamoja. Lakini sheria zao kuhusu jani moja zinapingana. Miraa, ambayo Watanzania huiita mirungi, ni zao halali nchini Kenya, na nchini Tanzania ni dawa ya kulevya iliyokatazwa. Basi chukua vijana wawili, mmoja wa Lungalunga upande wa Kenya, na mwingine wa Horohoro upande wa Tanzania. Wanaulizwa swali moja kwa Kiswahili kimoja. Wa kwanza anaulizwa juu ya kitu kinachouzwa sokoni hadharani. Wa pili anaulizwa kama ametenda kosa la jinai. Hata kama wote wawili hutafuna sawasawa, majibu hayatafanana. Atakayezilinganisha tarakimu hizo mbili na kutangaza kwamba vijana wa nchi moja ni safi kuliko wa nyingine, atakuwa amepima woga wao, wala hakupima matumizi yao.

Hapo ndipo lilipo jambo zito katika habari hii yote. Serikali ina haki na wajibu wa kuwakamata wanaoingiza na kuuza dawa za kulevya. Ina wajibu vilevile wa kujua hali ya vijana wake. Lakini mkono unaokamata na mkono unaohesabu haufai kuwa mkono mmoja. Siku ambayo majibu ya watoto yatatumika kupekua mikoba yao, au shule iliyoonekana kuwa na tatizo itaaibishwa hadharani kwa jina, ndiyo siku ambayo watoto wa shule nyingine zote watajifunza kusema uongo. Mwaka unaofuata tarakimu zitashuka, viongozi watapongezana, na tatizo litaendelea kukua gizani. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wangeweza kuongeza kwamba mgonjwa huficha maradhi pale tu anapojua kwamba akiyataja atapigwa.

Kwa hiyo, mwananchi anaposikia kwamba asilimia kadhaa ya vijana wanatumia vileo, iwe ni nchini Kenya au katika nchi yake mwenyewe, inafaa ajiulize mambo machache. Ni nani waliohojiwa, na ni nani walioachwa? Je, waliulizwa juu ya maisha yao yote au juu ya mwezi uliopita? Upana wa makosa ni kiasi gani? Na zaidi ya yote, je, kijana aliyejibu alikuwa na hakika kwamba jibu lake halitamdhuru? Mvutano wa muguka uliamuliwa kwa kanuni za kilimo na kwa mamlaka ya kaunti, bila ya maswali hayo kupewa nafasi yake. Vijana wa Mombasa na wakulima wa Embu, wote wawili, walistahili yaulizwe kwanza.